Mikrogramu ulizomimina si dozi iliyofika kwenye seli

Swali limetoka kwa Atieno, mwanafunzi wa uzamili mjini Kisumu. Nimelifupisha.

"Daktari, natengeneza chembe za silika kutokana na makapi ya mpunga wa Ahero. Nina aina mbili: za nanomita 50 na za nanomita 500. Nimezijaribu kwa seli za mapafu kwenye sahani ya vishimo 96, mikrolita 100 kila kishimo, dozi ikiwa mikrogramu 50 kwa mililita. Baada ya saa 4 tofauti kati yao ni ndogo. Baada ya saa 24 zile ndogo zimeua seli nyingi zaidi kwa mbali. Nikaandika kwamba sumu ya chembe ndogo hukawia kuanza. Msimamizi wangu akauliza, 'Ukisema dozi sawa, una maana gani?' Nikakosa jibu. Je, niandike dozi kwa uzito, kwa idadi ya chembe au kwa eneo la uso? Baadaye nataka kuzijaribu kwa Dafnia, wale viumbe wadogo wa majini, nikitumia maji ya ziwa."

Atieno, msimamizi wako amegonga ndipo. Umeniuliza uchague kipimo gani kati ya vitatu, nami nitakuja huko, lakini kuna swali linalotangulia: ni kiasi gani cha ulichomimina kilizifikia seli zako?

Dawa inayoyeyuka haituletei shida hii. Ukitia chumvi kwenye mchuzi ukakoroga, kijiko cha juu na kijiko cha chini vina ladha moja, kwa hiyo ukolezi wa mchuzi waweza kuuita dozi na hakuna atakayekulaumu. Chembe hazifanyi hivyo. Zinaelea, zinazama, zinatangatanga, na seli zako zimelala chini ya kishimo zikingoja kuangukiwa. Wewe umeona maji ya mto Nyando baada ya mvua kubwa. Yachote jioni uyaweke kwenye pipa. Kufikia asubuhi mchanga uko chini, ila maji bado yana rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu udongo ulio laini kabisa haujatuama na huenda usituame wiki nzima. Zile nanomita 500 zako ni mchanga wa pipa hilo. Zile 50 ni ile rangi ya chai.

Tupige hesabu. Kishimo kimoja cha sahani ya 96 kina sakafu ya sentimita mraba 0.32 hivi, kwa hiyo mikrolita 100 hukaa kwa kina cha milimita 3.1. Nitachukua densiti ya silika kuwa gramu 2 kwa sentimita ujazo, na joto la nyuzi 37. Kasi ya kutuama hufuata mraba wa kipenyo: chembe ikiwa pana mara 10, inazama mara 100 haraka zaidi. Ile ya nanomita 500 inashuka kama mikromita 0.2 kwa sekunde. Ikianzia juu kabisa inafika chini baada ya saa 4 na nusu hivi. Ile ya nanomita 50 inashuka nanomita 2 tu kwa sekunde, na siku nzima ikipita itakuwa imeshuka milimita 0.17. Kwa kuzama peke yake, nyingi ya hizo ndogo hazingezigusa seli zako kabisa.

Zinasaidiwa na difyusheni, yaani kule kusukumwasukumwa ovyo na molekuli za maji. Hapo mambo hugeuka, kwa kuwa iliyo ndogo ndiyo hutangatanga zaidi. Kwa saa 24 chembe ya nanomita 50 husogea wastani wa milimita 1.5 kwenda juu au chini. Ukijumlisha njia zote mbili, na ukikubali kwamba kila inayogusa sakafu hunasa, nimepata hivi: baada ya saa 4 asilimia 17 ya zile ndogo zimefika, na baada ya saa 24 asilimia 42. Kwa zile kubwa ni asilimia 92 baada ya saa 4, na zote kabla ya siku kuisha.

Kila kishimo ulikitia mikrogramu 5. Ukizigawa kwa sakafu yake, dozi ya juu kabisa iwezekanayo ni mikrogramu 15.6 kwa sentimita mraba. Kwa uzito uliofika basi, saa 4 zile kubwa zilikuwa na mikrogramu 14.4 kwa sentimita mraba nazo ndogo 2.7. Dozi uliyoiita sawa ilikuwa na tofauti ya zaidi ya mara 5. Saa 24 ni 15.6 dhidi ya 6.5.

Hadi hapa huenda unajiuliza mbona basi zile kubwa hazikuua zaidi saa 4, ikiwa zilifika kwa wingi hivyo. Hapa ndipo eneo la uso linapoingia. Chukua donge la sukari nguru na jingine la uzito uleule lililosagwa; la pili linayeyuka mara moja kwa sababu uso wake unaogusana na maji ni mkubwa zaidi. Gramu moja ya chembe duara za silika za nanomita 50 ina uso wa mita mraba 60, na gramu moja ya zile za 500 ina mita mraba 6. Zidisha kwa uzito uliofika. Saa 4, kila sentimita mraba ya seli ilibeba sentimita mraba 1.6 za uso wa chembe ndogo, na 0.86 za uso wa chembe kubwa: karibu mara 2. Saa 24 ni 3.9 dhidi ya 0.94: zaidi ya mara 4.

Sasa yatazame tena matokeo yako. Tofauti ndogo saa 4, tofauti kubwa saa 24. Hesabu inatoa sura hiyohiyo bila kudai sumu yoyote inayokawia. Kinachokawia ni chembe zenyewe, ziko njiani. Sisemi kwamba nimethibitisha, kwa maana chembe zako sijaziona. Nasema tu kwamba sentensi yako kuhusu sumu inayokawia haiwezi kubaki kwenye tasnifu mpaka uliondoe elezo hili jepesi kwanza.

Na si wewe wa kwanza kuingia mtego huu. Taaluma nzima iliingia. Kwa miaka mingi majarida yalijaa michoro ya mikrogramu kwa mililita. Mwaka 2007 Teeguarden na wenzake walieleza kwa kirefu kwa nini ukolezi wa kwenye chupa si dozi ya seli, na baada ya hapo zikaja programu za kompyuta za kukokotoa kiasi kinachofika. Mbili zinazotumiwa sana ni ISDD na ile ya DeLoid na wenzake ya mwaka 2015. Tumia mojawapo, usitegemee hesabu yangu ya pembeni mwa karatasi. Mimi mwenyewe, nikiwa kijana maabarani, niliwahi kutupa kazi ya wiki 3 kwa kosa la kitoto zaidi: nilikuwa navuta kwa pipeti kutoka juu ya chupa ambayo haikutikiswa tangu asubuhi. Chembe zilikuwa chini ya chupa. Vishimo vya kwanza vilipata maji matupu, vya mwisho vikapata matope, nami nikachora mstari safi wa dozi na athari.

Rudi kwenye hesabu, kwa kuwa ina udhaifu mmoja mkubwa. Nimechukulia kila chembe iko peke yake, na kwenye midia, yaani yale maji ya lishe ya kukuzia seli, hilo ni nadra. Midia ina chumvi nyingi, na chumvi hudhoofisha chaji inayozifanya chembe zikimbiane. Unaijua shabu, ile watu hutia kwenye maji ya mto yapate kuwa meupe. Shabu huufanya udongo laini ushikane mabonge, na bonge huzama. Midia yako inaweza kuzifanyia hivyo chembe za 50 pasipo wewe kutia chochote. Zikishikana kuwa mabonge ya nanomita 300, usafiri wake unabadilika kabisa, ila hazizami kama jiwe la ukubwa huo, sababu bonge limefumbata maji ndani yake na densiti yake iko mbali chini ya 2. Ndiyo maana programu hukuomba densiti ya bonge, si ya silika. Kuipima hakuhitaji mashine ya mamilioni: kuna vijaribio vya plastiki vyenye mkia mwembamba uliochorwa vipimo, unatia mchanganyiko wako, unauzungusha kwenye sentrifugi, kisha unasoma ujazo wa mashapo. Ukijua uzito wa silika uliotia na ujazo wa mashapo, densiti unaipata kwa hesabu ya darasani.

Seramu, ile sehemu ya majimaji ya damu inayotiwa kwenye midia, nayo ina neno lake. Ukitia chembe kwenye midia yenye seramu, protini huzivaa papo hapo, na silika iliyovaa protini hushika utando wa seli kwa unyonge kuliko ile iliyo uchi, na huua seli chache kuliko hiyo. Kwa hiyo andika ulitumia seramu kiasi gani, na ulizitia chembe kabla au baada. Ukubwa upime ndani ya midia yenyewe, mwanzo na mwisho wa jaribio. Kile kifaa cha kupima ukubwa kwa mwanga uliotawanywa kisikudanganye: chembe moja ya nanomita 100 hutawanya mwanga kama chembe milioni moja za nanomita 10, kwa hiyo mabonge machache huweza kuuficha umati. Omba picha za hadubini ya elektroni hata chache.

Sasa swali lako lenyewe: uzito, idadi au uso? Kwa chembe ngumu zisizoyeyuka haraka na zinazochokoza seli kwa uso wake, mimi husimama na eneo la uso. Sababu yangu si mapenzi. Miaka ya 1990 kundi la Oberdörster kule Rochester, Marekani, lilitia titani dayoksaidi ya nanomita 20 na ya nanomita 250 kwenye mapafu ya panya. Kwa uzito, zile ndogo zilionekana kali zaidi. Walipochora upya kwa eneo la uso, makundi yote mawili yalikaa karibu kwenye mstari mmoja. Wazo hilo halikubaki maabarani: mwaka 2011 taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilipendekeza kikomo cha miligramu 2.4 kwa mita ujazo ya hewa kwa titani dayoksaidi ya kawaida, na 0.3 kwa ile laini kabisa. Kemikali moja, vikomo viwili.

Lakini kipimo hufuata namna kitu kinavyodhuru. Asbestosi huhesabiwa kwa idadi ya nyuzi, tena nyuzi ndefu zaidi ya mikromita 5, maana urefu ndio unaozishinda seli za ulinzi kuumeza. Chembe zinazotoa ayoni, yaani atomi zenye chaji zinazoyeyukia majini, kama za fedha au zinki oksaidi, haziwezi kuelezwa bila kupima kiasi kilichoyeyuka. Ulaya nayo, ilipotunga maana ya nanomateriali mwaka 2011 na kuirekebisha mwaka 2022, ilichagua idadi: nusu au zaidi ya chembe ziwe kati ya nanomita 1 na 100. Hiyo ni ya kuamua kitu kiitwe nini. Haikuambii dozi.

Kwako wewe, andika zote tatu. Ukishapima ukubwa, densiti na uso, kubadili kipimo kimoja kuwa kingine ni kazi ya dakika 5, na msomaji mwenye nadharia tofauti na yako ataweza kuitumia data yako. Ila tahadhari na uso wa silika ya makapi. Nilikupa mita mraba 60 kwa gramu nikidhania chembe duara zisizo na matundu. Silika ya makapi ina vinyweleo tele, na ukiipima kwa gesi ya nitrojeni, njia ya BET iliyoanza mwaka 1938, unaweza kupata mamia ya mita mraba kwa gramu. Sehemu kubwa ya uso huo iko ndani ya vinyweleo ambamo nitrojeni huingia lakini utando wa seli hauingii. Ripoti namba ya BET, na pembeni yake uso wa nje unaoukokotoa kutokana na picha.

Nikiwa hapo kwenye makapi: ulichoma kwa joto gani? Likipanda sana juu ya nyuzi 700, hasa makapi yakiwa na potasiamu ambayo haikuoshwa kwa asidi, silika huanza kuwa fuwele, na silika ya fuwele inayovutwa hewani ni kisababishi cha saratani kwa tathmini ya mwaka 1997 ya IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ilhali ile isiyo fuwele haikuwekwa kundi hilo. Pitisha unga wako kwenye mashine ya eksirei kabla ya jambo lolote. Pima pia endotoksini, yaani mabaki ya bakteria. Makapi yametoka shambani, maji ya kuoshea yametoka kwenye bomba, na seli za ulinzi hupiga kelele kwa endotoksini hata kama silika haina hatia.

Kuna njia ya bei nafuu ya kupima kilichofika, badala ya kukikokotoa tu. Mwisho wa jaribio ondoa midia, suuza taratibu, kisha yeyusha seli pamoja na silika iliyonasa kwa sodiamu hidroksaidi yenye joto. Pima silika kwa rangi ya molibdeti kwenye spektrofotomita ya kawaida. Changanya vishimo kadhaa ili upate kiasi cha kutosha. Fanya yote kwenye plastiki, kwani sodiamu hidroksaidi hung'oa silika kutoka kwenye glasi ukapima chupa badala ya seli. Fosfeti hutoa rangi ileile, kwa hiyo usisahau asidi ya oksaliki ya kuizima. Na midia uliyoondoa usiimwage: ichuje kwa kichujio kisichopitisha chembe upime silika iliyoyeyuka. Maji yanaweza kushika zaidi ya miligramu 100 za silika ya aina yako kwa lita, nawe umetia 50. Zitayeyuka polepole, lakini polepole ya saa 24 inafaa kujulikana ni kiasi gani.

Namba zako zinamhusu binadamu gani? Mfikirie mtu kwenye kinu cha mpunga akivuta mita ujazo 10 za hewa kwa zamu moja. Tuseme hewa ina miligramu 1 ya vumbi hili kwa mita ujazo, namba niliyojichagulia kwa ajili ya hesabu tu, na tuseme miligramu 3 zinatua ndani kabisa ya mapafu. Uso wa ndani wa mapafu ni kama mita mraba 100. Hiyo ni mikrogramu 0.003 kwa sentimita mraba. Dozi yako iliyofika saa 24, mikrogramu 6.5, ni kama zamu 2,000 zilizorundikwa kwa siku moja, bila mapafu kupewa nafasi ya kujisafisha. Dozi kubwa zinaruhusiwa ukitaka kujua utaratibu wa madhara. Ila weka angalau dozi 3 za chini, moja iwe karibu na maisha ya mtu, na usiandike kwenye muhtasari kwamba silika ya makapi "ni sumu" ukiwa na kilele cha mchoro peke yake.

Kuhusu Dafnia nitakuwa mfupi. Jaribio la Dafnia la saa 48, namba 202 katika miongozo ya OECD, shirika la nchi zilizoendelea kiuchumi, linataka ukolezi uliopimwa utumike pale unapohama zaidi ya asilimia 20 kutoka ule uliokusudia, na kwa chembe utahama. Chukua sampuli katikati ya kina, mwanzo na mwisho. Maji ya Ghuba ya Winam, ile ya Ziwa Viktoria hapo Kisumu, yana chumvi kidogo na mabaki mengi ya mimea na mwani, ambayo huzivika chembe na kuzisaidia kuelea. Usijaribu kulinganisha moja kwa moja na maji ya Ziwa Nakuru: magadi yake huzifanya chembe zishikane, na kwa pH ya karibu 10 silika huyeyuka kwa wingi zaidi. Unga uleule unakuwa dozi mbili tofauti kabla mdudu hajaguswa.

La mwisho ni jaribio ambalo ningelifanya wiki hii kabla ya kugusa tasnifu. Mwaka 2011 Cho, Zhang na Xia walikuza seli wakazigeuza juu chini, zikaning'inia juu ya midia yenye chembe za dhahabu, na kilichomezwa kikabadilika sana pale chembe zilipokuwa nzito au kubwa. Kuza seli zako kwenye vipande vidogo vya plastiki, nusu uvilaze chini kama kawaida, nusu uvigeuze vitazame chini, vikiwa vimeinuliwa milimita 3 kutoka sakafuni. Zile za nanomita 500 zitazikimbia seli zilizogeuzwa, na mauaji yake yanapaswa karibu kutoweka. Zile za 50, kama kweli ziko mojamoja, hazijali sana juu wala chini, na matokeo yatakaribiana pande zote mbili. Yakitofautiana sana, chembe zako za 50 zimeshikana mabonge ndani ya midia, na hapo hesabu yote niliyokupigia inaanza upya kwa densiti utakayoisoma kwenye kile kijaribio chenye mkia.